Nilimsema Jirani Nikiwa Nimefumba Macho

Shangazi Damari, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusikiliza mambo ya watu kila wiki. Mimi nimesoma ukurasa wako tangu nikiwa binti nyumbani Kilolo, na matatizo ya wenzangu nilikuwa nayasoma huku natikisa kichwa nikisema huyu naye akili yake aliiacha wapi, sasa leo ni mimi nimekaa hapa na kalamu, cherehani nimeifunika tangu asubuhi, mume ananipita kama anapita kiti, na nje kuna watu wananisifu kwa jambo ambalo likinijia usiku silali. Naomba unisaidie, na kama ni kunigombeza nigombeze, ila unisaidie kwanza.

Niite Lea, ingawa mtaani wananiita Mama Lusekelo kwa jina la mwanangu. Mimi Ni Mlutheri, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, nimeolewa na Gwakisa ambaye ni Mmoravian wa Rungwe, na tunaishi Ilomba hapa Mbeya, yeye fundi magari na mimi nashona, hasa sare za kwaya. Mtaa wetu una kila aina ya watu, Wamoravian, Wakatoliki, Waislamu, walokole, na wengine ambao hawaendi popote, na tumeishi vizuri miaka yote, msiba wa mmoja ni wa wote, tunachanga unga na kuni bila kuulizana nani anasali wapi. Na katika mtaa huo, Shangazi, suala la kuomba lilikuwa langu. Usinione najisifu, ndivyo ilivyokuwa. Kikao cha kina mama kikianza, balozi wetu Mzee Amos hata kabla hajafungua mdomo watu wanageuka kunitazama mimi, na mimi nasimama, sauti ninayo, maneno ninayo, naweza kuanzia uumbaji nikashuka mpaka kwa wagonjwa wa mtaa mmoja mmoja kwa majina, na hata Mama Hidaya ambaye ni Mwislamu alikuwa anakaa kwa heshima mpaka nimalize ndipo anavuta kiti chake mbele. Watu wa mitaa mingine walikuwa wananiita kwenye misiba yao. Gwakisa alikuwa ananitania kwamba ameoa mchungaji bila kujua.

Sasa mwaka jana akahamia mama mmoja anaitwa Catherine, Msukuma, ukoo wa Budeba, wale ambao wazazi wao walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakakaa bonde la Usangu. Mume wake, Ngolo, amebaki huko na mifugo, yeye amekuja mjini kwa ajili ya watoto wasome, na anauza maziwa na mtindi kwenye kibanda pale kona. Ni Mkatoliki. Rozari haitoki shingoni, na ikifika saa sita mchana anaacha kupima maziwa, anaweka kikombe chini, anasimama wima na kuinamisha kichwa, midomo inacheza lakini husikii kitu, hata kama foleni imefika barabarani, kisha anajifanyia ishara ya msalaba na kuendelea kupima kama hakuna kilichotokea. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakawa wanamsubiri. Baadaye tena nikaona vijana wa bodaboda wanazima pikipiki zao ule muda, na hao ni vijana ambao mimi nikiomba msibani wanachezea simu.

Hapo ndipo kitu kilianza kuniuma, na nilijiambia ni homa ya wivu wa siku mbili itapita, haikupita.

Siku moja kwenye kikao Mama Hidaya akasema leo tumpe mgeni wetu nafasi atufungulie. Catherine akasimama, akasema hajui kuomba kwa maneno mengi, na kwa kuwa tuko wa dini mbalimbali anaomba kila mmoja aseme na Mungu kwa namna yake, tunyamaze kidogo. Tukanyamaza. Shangazi, hakusema kitu, na tulipoinua vichwa kuna kina mama walikuwa wanafuta machozi, na Mama Hidaya akamshika mkono akasema leo na mimi nimeomba. Miaka yote hiyo nimeomba mbele yake mpaka jasho, hajawahi kuniambia neno hilo. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Gwakisa nikitegemea atanicheka na kunipooza, badala yake akasema, "Yule mama akisali, unaona kabisa kwamba yuko mbele za mtu." Hakusema kwa ubaya. Lakini na mimi ni mke wake, nimesali mezani kwake tangu tuoane.

Tangu siku hiyo nikawa kama nimeingia mashindano ambayo mwenzangu hajui kama yapo. Nikafunga spika dirishani, nyimbo za kwaya zikawa zinaamsha mtaa kabla ya jua. Nikashona vitenge vya kanisa nikavivaa hadi sokoni. Mama Hidaya akaja taratibu akaniomba nipunguze spika kidogo, nikamjibu kwamba mbona adhana hatulalamiki, akaondoka. Nilikuwa natoka nje saa sita mchana kwa makusudi nione ni wangapi wamesimama pale kwa Catherine, na nikiona wengi chakula hakishuki.

Kisha mama mkwe wake akaja kutoka Usangu. Asubuhi moja naanika nguo nikaona kupitia uzio yule bibi amesimama uani, ana kibuyu cha maziwa, anamwaga kidogo chini, anasema maneno ya Kisukuma, anamwaga tena, na Catherine amesimama pembeni yake kimya, mikono ameifunga. Nitakuambia ukweli, moyo wangu ulifurahi. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni. Nikasema kumbe ndio hivyo, rozari shingoni, mizimu uani.

Haikupita wiki tukapata msiba. Kijana wa bodaboda wa mtaani, Lutengano, aligongwa na lori kwenye barabara kuu ya Tunduma. Ndiye aliyekuwa anambebea Catherine madumu ya maziwa kutoka stendi. Mama yake analia, hana mwingine, turubai limejaa watu mpaka nje, Mzee Amos akanipa kipaza sauti niombe kabla ya mwili kutoka. Nikafumba macho. Nilianza vizuri, Shangazi, nakuapia nilianza vizuri. Lakini katikati nikafumbua jicho nikamwona Catherine amekaa karibu kabisa na mfiwa, mfiwa amelaza kichwa begani kwake. Nikafumba tena, na maneno yakatoka. Nikasema, "Bwana, waumbue wanaovaa msalaba shingoni na kumwagia mizimu maziwa nyuma ya nyumba. Walioingia mtaani kwetu na ng'ombe wao, na vifo vikawafuata." Turubai zima likasema amina. Nilipofumbua macho mama wa marehemu alikuwa amejitoa kwenye lile bega.

Sikumtaja mtu jina. Nilikuwa naomba tu. Hivyo ndivyo ninavyojibu nikiulizwa, na wanaouliza ni wachache, wengi wananipongeza, wananiita mwenye macho ya rohoni. Maziwa ya Catherine yanachachia kibandani. Mtu amempaka mlango wake oili chafu. Watoto wake wamerudi kutoka shuleni wanalia kwa kuitwa watoto wa mchawi, na mama mkwe ameondoka usiku kurudi Usangu kwa kuogopa. Vijana wanasema wakimaliza matanga Jumamosi hii watamwondoa wao wenyewe. Mama Hidaya alikuja kusimama mlangoni kwangu, hakuingia, akaniambia kwamba leo ni maziwa, kesho nitakapomkasirikia yeye nitausema ubani wake kwenye sala. Gwakisa siku hizi nikisali mezani anaanza kula kabla sijamaliza.

Jana Catherine mwenyewe akapiga hodi. Nilidhani amekuja kugombana, ningefurahi angegombana. Akakaa kwenye stuli ya wateja. Akasema yule mama mkwe alikuwa anawashukuru wazee wake waliokufa kwa sababu mjukuu alipona homa, hakumtaja mtu mwingine, na yeye mwenyewe hajui kumwaga, lakini hawezi kumfukuza mama wa mume wake uani. "Ungeniuliza ningekuambia," akasema. Kisha akasema lililomleta. "Mama Lusekelo, mtaa huu ukiomba wewe watu wanaamini. Basi niombee na mimi, palepale msibani, kwa sauti ileile, wasikie."

Nikamwambia nitafikiri. Alishukuru akaondoka. Na Shangazi, hata wakati anatoka mlangoni nilimwonea wivu, kwa ule utulivu wake.

Sasa nifanyeje? Nikimwombea mazuri Jumamosi, watu watajua kwamba yale ya kwanza yalikuwa yangu na siyo ya Mungu, na jina langu katika mtaa huu ndio limekwisha. Nisipomwombea, sijui watamfanya nini. Nimefikiria kwenda Kilolo kwa mama mpaka matanga yapite. Namba yangu ya simu nimeiandika kwa ajili yako, usiichapishe.

Lea, Ilomba

*

Damari anajibu

Kamwene, mwanangu wa Kilolo.

Wasomaji wangu wanajua kwamba kila barua hapa inasubiri zamu yake. Hii haikusubiri. Niliisoma Alhamisi jioni hapa Iringa, nikampigia Lea kabla sijaikunja, kwa sababu mtu akishaitwa mchawi mtaani hawezi kungojea gazeti litoke. Watu wamekufa kwa neno hilo katika nchi hii, wengi wao wanawake, wengi wao wamesimama uani kwao wenyewe. Kwa hiyo niliyomwambia kwa simu ndiyo nayaandika, pamoja na yaliyotokea. Yeye ameniruhusu. Catherine naye nimezungumza naye, ameruhusu, na majina nimeyabadilisha.

Kwanza nilimwambia asahau habari ya kwenda Kilolo. Umewasha moto kwa jirani halafu unataka kwenda kumsalimia mama?

Pili, Lea, hebu tuache hili la "nilikuwa naomba tu". Maombi yakiwa na anwani ya nyumba ya jirani, hayo si maombi, ni umbea uliofumba macho. Tena ni mbaya kuliko umbea wa kisimani, kwa sababu umbea wa kisimani mtu anaweza kuubishia. Nani atasimama katikati ya sala aseme si kweli? Ulimfunga mwenzako mdomo kwa amina ya watu wote. Na ulichagua saa ambayo mama wa watu alikuwa na bega moja tu la kuegemea, ukaliondoa.

Na haya ya maziwa, umetoka Kilolo wewe, usinifanye mimi mgeni wa Uheheni. Hujawahi kuona wazee wetu wakienda makaburini na pombe, wakawaita waliolala huko kwa majina, na Jumapili wakawa benchi la mbele kanisani? Baba yako mzee wa kanisa alikuwa na mama yake. Muulize mama yako bibi huyo alikuwa anafanya nini kabla ya kulima. Sisemi ni sawa wala si sawa, mwinjilisti wako atakufundisha. Nasema ulikiona kitu unachokijua tangu utotoni, ukajifanya hukijui, kwa sababu ulikuwa unakitafuta.

Nakuonea huruma pia, usidhani sikuonei. Umekuwa sauti ya mtaa miaka mingi, watu wamezoea, hakuna aliyekukalisha akakuambia asante. Mtu akizoeleka hivyo huanza kula sifa kidogo kidogo bila kujua, na siku chakula hicho kikienda kwa mwingine anahisi njaa. Na Gwakisa, najua unasoma hapa, ulichosema kilikuwa kweli, lakini ulimwambia nani? Kama mke wako naye umewahi kumwona yuko mbele za mtu, ungeanza na hilo.

Sasa niliyomwagiza. Nilimwambia aende usiku ule ule na mumewe kwa Mzee Amos, amweleze yote, balozi awaite wale vijana kabla ya Jumamosi na taarifa ifike kwa mwenyekiti wa mtaa. Halafu kwenye matanga aombe kipaza sauti. Akaniuliza, "Shangazi, niombe nini?" Nikamjibu, "Usiombe. Mwenzako amekuomba sala kwa sababu ni mpole. Wewe sema. Fumbua macho, mtazame, sema."

Alilia kwenye simu. Akasema ningemwachia basi afiche aibu kidogo ndani ya sala. Nikakataa.

Jumamosi jioni alinipigia. Alikuwa amefanya. Alisimama chini ya turubai lile lile akasema kwamba siku ya mazishi alitumia jina la Mungu kumsema Catherine, kwamba hakufunuliwa kitu chochote, aliona tu kwa macho juu ya uzio kama mtu yeyote, na kwamba Lutengano ameuawa na lori na mwendo kasi, wala hakuna mtu wa mtaani aliyemroga. Akasema alichokuwa nacho ni wivu. Alilitaja neno hilo kwenye kipaza sauti. Kisha akamgeukia mama wa marehemu, akamwomba radhi kwa kuugeuza msiba wa mwanawe kuwa uwanja wa ugomvi.

Haikuwa rahisi kama kwenye mahubiri. Baadhi ya watu walinyanyuka wakaondoka. Kijana mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu naye amehongwa mtindi. Mzee Amos akasimama akawaambia vijana kwa majina ya baba zao kwamba atakayegusa mlango wa mama yule atamkuta yeye hapo. Mama Hidaya alihama alipokuwa, akaenda kukaa jirani na Catherine. Mama wa marehemu akamwita Catherine kwa kidole tu, akamsogezea kiti. Na Catherine, alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Nimesikia." Basi. Hakukumbatia mtu.

Kisha Lea akaniambia jambo ambalo limenifanya nimheshimu. Alisema walipokuwa wanatawanyika alisikia kina mama wakisema angalia Catherine alivyo na moyo, na wivu ukarudi pale pale, mbichi. "Sasa Shangazi, nimefanya kazi bure?"

Hapana, Lea. Hukuambiwa utubu ili wivu ufe. Uliambiwa useme ukweli ili mtu asiumizwe, na hajaumizwa. Wivu ni wa kwako, utakaa nao, na utausimamia kama unavyosimamia cherehani yenye sindano kali, ukijua ilipo.

Spika ishushe dirishani leo. Nyimbo za kanisa lako ziimbe kwa furaha, vaa vitenge vyako, hakuna anayekukataza, na Catherine asimame saa sita mchana, na adhana isikike, mtaa wenu ni mpana wa kutosha. Kumwonyesha jirani imani yako si kosa. Kosa ni kumpiga nayo. Kila asubuhi nenda kibandani ukanunue maziwa, uyanywe palepale umesimama mbele ya watu. Waliomwogopa walimwogopa kwa mdomo wako, wacha waone mdomo huohuo unakunywa. Mlango wake wenye oili mkausafishe wewe na Gwakisa, kwa mikono yenu, mchana. Mtaani wakikuomba uongoze sala, kataa mpaka mwaka uishe, waambie Mama fulani aombe, kisha usikilize bila kumpima. Chumbani kwako omba unavyotaka, huko sauti yako haina mshindani.

Na usimfuate Catherine kila siku ukimuuliza kama amekusamehe. Amekuambia amesikia. Hilo ndilo alilonalo kwa sasa, likubali. Mtu uliyemuumiza hadharani ana haki ya kupona polepole, na ana haki ya kupona bila wewe.